Kutoka Hadubini hadi Jenomu: Shajara ya Uzamili Wangu wa Bayoinfomatiki

Naiandika shajara hii kwa ajili ya mtu anayetoka maabara kama mimi, anayetaka kuingia kwenye bayoinfomatiki, yaani kuchambua DNA kwa kompyuta, ilhali hajawahi kusomea kompyuta. Hatua zinazopatikana kwenye kila kitabu nitazipita haraka. Nilipokosea nitakaa zaidi, maana ndipo muda na pesa zangu zilipokwenda.

6 Novemba 2023: Kusajiliwa

Kwa miaka 6 nilikuwa mteknolojia wa maabara mkoani Kagera. Kazi yangu kubwa ilikuwa slaidi za malaria: tone la damu, rangi ya Giemsa, hadubini, kuhesabu. Mwaka wangu wa mwisho kazini tulikuwa tukifuatilia wagonjwa waliopewa dawa mseto, na siku ya tatu baadhi ya slaidi zilikuwa bado na vimelea. Vilikuwa vichache na wagonjwa walipona, lakini nilizoea siku ya tatu slaidi iwe safi. Nilirudia kuhesabu slaidi moja mara tatu jioni ile. Sikuwa na shaka kwamba vimelea vipo. Nilitaka kujua kwa nini vimechelewa kuisha, na hadubini haifiki huko.

Jibu moja linatafutwa kwenye DNA ya vimelea vyenyewe. Tangu 2014 inajulikana kwamba mabadiliko kwenye jeni iitwayo K13 hufanya vimelea vya Plasmodium falciparum vichelewe kufa kwa artemisinini, dawa kuu iliyomo kwenye dawa mseto. Mwaka 2020 watafiti waliripoti badiliko la R561H huko Rwanda, mwaka uliofuata yakaripotiwa mengine kaskazini mwa Uganda, kisha R561H ikaonekana Kagera kwetu. Maana ya jina hilo ni kwamba asidi amino ya 561 kwenye protini, ambayo ilipaswa kuwa arjinini (R), imegeuka histidini (H).

Nimesajiliwa idara ya baiolojia ya molekuli, mchepuo wa bayoinfomatiki. Masomo ya lazima nayasoma kwetu, matatu nayafuata idara ya kompyuta na moja idara ya takwimu. Wasimamizi ni wawili: mmoja wa baiolojia, mmoja wa kompyuta. Mradi ni kutengeneza mtiririko wa programu unaopokea mafaili ghafi ya DNA ya vimelea na kutoa majibu ya K13, na kuuandika vizuri ili maabara ya mkoa iweze kuutumia bila mimi.

18 Desemba 2023: Linux

Wiki sita za kwanza zimekwenda kwenye skrini nyeusi ya amri. Kwenye madarasa ya kompyuta mimi peke yangu ndiye sikujua kuhama kutoka folda moja hadi nyingine kwa kuandika. Mwenzangu mmoja wa kompyuta, kijana ninayemwita mdogo wangu naye huniita dada, alikuwa akihangaika na somo la jenetiki. Tukakubaliana: Jumanne ananifundisha Linux na Python, Alhamisi namfundisha jeni, kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja) na protini. Ukianza masomo haya, mtafute mtu wa namna hiyo wiki ya kwanza.

Alhamisi moja ilitufundisha sote wawili. Alipitisha data ya mazoezi kwenye programu ya kukagua ubora, akakuta kwamba kati ya herufi nne za DNA (A, C, G na T), G na C ni kama asilimia 20 tu ya herufi zote. Akasema, "Dada, hii data mbovu, tuitupe." Nikamwambia asubiri. Jenomu ya falciparum, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza 2002, ina herufi milioni 23 hivi kwenye kromosomu 14, na karibu asilimia 80 ni A na T. Data ilikuwa nzima, na vimelea ndivyo vilivyo. Asingekuwa na mtu wa baiolojia pembeni angetupa sampuli nzuri na programu isingemzuia.

9 Februari 2024: Takwimu

Jaribio la kwanza la takwimu nimepata 11 kati ya 30. Hesabu zenyewe niliziweza. Nilichokosea ni kudhani kwamba kipimo cha 0.05 (uwezekano wa asilimia 5 wa kuona jambo kwa bahati tu) nilichokizoea kwenye ripoti za maabara kinatosha popote. Ukipima jeni 5,000 kwa kiwango hicho, jeni 250 zitaonekana zina jambo hata kama hakuna jambo lolote. Mwalimu aliandika hesabu hiyo ubaoni, 5,000 mara 0.05, akanyamaza. Nimeanza somo upya kuanzia sura ya uwezekano. Jaribio la pili nimepata 22.

27 Aprili 2024: Kupakua data

Kabla ya kugusa sampuli za mradi, wasimamizi walinitaka nijaribu mtiririko kwa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana. Zipo: mradi wa kimataifa wa MalariaGEN umeweka wazi data ya jenomu za falciparum, na toleo la Pf7 la 2023 lina sampuli 20,864 kutoka nchi 33, Tanzania ikiwemo. Mafaili ghafi yako kwenye hifadhi ya ENA ya Ulaya. Nilichagua sampuli 24, nusu za Asia ya Kusini-Mashariki na nusu za Afrika Mashariki.

Hapa nilipoteza pesa kwa uzembe wa aina moja tu: sikukagua. Kila sampuli ina mafaili mawili, na pamoja yanafika gigabaiti 2 au zaidi. Nilipakua kwa bando la simu usiku, intaneti ikikatika naanza upya. Nilipomaliza nilikuwa nimetumia shilingi 84,000 kwa bando peke yake, na mafaili matatu yalikuwa yameishia njiani. Sikuligundua hilo hadi wiki mbili baadaye, sampuli moja ilipotoka na kina kidogo ajabu, yaani visomo (vipande vya DNA vilivyosomwa) vichache mno juu ya kila herufi.

Sasa nafanya hivi. Napakua chuoni alfajiri, kwa `wget -c`, ambayo intaneti ikirudi inaendelea pale ilipoachia. Kisha `gzip -t` kuona kama faili limefika mwisho. Kisha `md5sum -c`, kulinganisha na namba ambayo ENA yenyewe huitoa kwa kila faili. Amri mbili za mwisho ni dakika chache tu na hazina gharama.

3 Juni 2024: Kompyuta kuzidiwa

Kompyuta yangu ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4. Kwa jenomu ya kimelea inatosha. Lakini damu ya mgonjwa ina DNA ya mgonjwa pia, na nilipotaka kuichuja kwa kulinganisha na jenomu ya binadamu, yenye herufi bilioni 3, kazi ilikufa kila mara na neno moja kwenye skrini: Killed. Nikaongeza RAM ya gigabaiti 8 kwa shilingi 70,000. Ikawezekana, ila sampuli moja ilichukua saa sita, na umeme ukikatika kila kitu kinaanza upya.

Nimehamia seva ya idara ya kompyuta. Naingia kwa mbali, nafungua `screen` ili kazi iendelee hata mtandao wangu ukikatika, na hatua zote nimezipanga kwa Snakemake, ambayo inajua hatua ipi imekamilika na ipi bado. Kilichoniteketezea siku sita sasa kinaisha usiku mmoja. Ningeomba akaunti ya seva mwezi wa kwanza nisingenunua RAM.

22 Julai 2024: Herufi mbili

Hili ndilo kosa lililonifundisha zaidi, kwa hiyo nalieleza kwa namba zake.

K13, kwa namba rasmi PF3D7_1343700, iko kwenye kromosomu ya 13, kuanzia herufi ya 1,724,817 hadi 1,726,997. Jeni haina vipande vya kurukwa katikati, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: herufi 2,181, asidi amino 726 na kodoni ya kufungia. Nilitaka kuanza na nafasi ya 580, kwa sababu badiliko la C580Y ndilo lililoenea Asia ya Kusini-Mashariki na chache kati ya sampuli zangu za huko zilikuwa nalo. Nikapiga hesabu: kodoni ya 580 ni herufi 1,725,258 hadi 1,725,260. Nikaziandika kwenye faili la BED, linaloiambia kompyuta ichukue kutoka wapi hadi wapi, nikaomba herufi.

Nilitarajia tatu. Zikaja mbili: CA.

Nilifikiri nimehesabu vibaya mwishoni, nikaongeza moja kwenye namba ya mwisho. Zikaja tatu: CAC. Nikafungua jedwali la kodoni, CAC ni histidini. Histidini kwenye nafasi ya 580, ambayo sijaisoma popote! Nilipitisha sampuli zote 24, na karibu zote zilikuwa na CAC. Nikakaa na karatasi ile mpaka saa nne usiku nikifikiri nimeona badiliko jipya, na moyo ukinienda mbio, maana nilijua maana yake kwa mgonjwa.

Asubuhi mdogo wangu aliniuliza swali moja: "Dada, jenomu rejea yenyewe inasemaje?" Nikaipitisha ile ya 3D7, ambayo kila mtu duniani anailinganishia na ambayo inajulikana ina sisteini (C) pale. Nayo ikasema CAC. Hapo tulijua tatizo ni langu.

Makosa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine. Kwanza, faili la BED huanza kuhesabu kwa sifuri, ilhali majedwali ya baiolojia huanza kwa moja. Nilipoandika 1,725,258 kompyuta ilianzia herufi inayofuata, na nilipoongeza mwishoni nikachukua herufi ya kodoni ya jirani. Namba sahihi kwenye BED ni 1725257 na 1725260, na ukiziandika hivyo unapata ACA. Pili, K13 husomwa kwenye uzi wa kinyume. ACA lazima uigeuze nyuma-mbele na kubadilisha kila herufi kwa mwenzake (A kwa T, C kwa G), iwe TGT, na TGT ndiyo sisteini. Badiliko la C580Y, ambalo kwenye jeni ni G kuwa A, kwenye faili la matokeo huonekana C kuwa T, nafasi ya 1,725,259.

Mtu wa kompyuta anajua kuhesabu kwa sifuri tangu mwaka wa kwanza. Mtu wa baiolojia anajua nyuzi mbili za DNA tangu sekondari. Kosa lilikaa katikati, mahali ambapo kila mmoja alidhani mwenzake amepaangalia.

Tangu siku hiyo mtiririko wangu una hatua ya sifuri: kabla ya sampuli yoyote, unasoma jenomu rejea kwenye nafasi za 561 na 580. Usipopata CGT na TGT unakataa kuendelea.

14 Septemba 2024: Sampuli ni nini?

Programu ya kutafuta mabadiliko, nilivyoiacha na mipangilio yake ya mwanzo, ilidhani kila kiumbe kina nakala mbili za kila kromosomu, kama binadamu. Kimelea cha malaria kikiwa kwenye damu ya mtu kina nakala moja. Nikapata matokeo mengi yenye herufi mbili nafasi moja, kana kwamba kimelea kimerithi kwa baba na mama.

Msimamizi wa kompyuta akasema niweke nakala moja, tatizo limekwisha. Nikafanya, jedwali likawa safi. Nikalipeleka kwa msimamizi wa baiolojia akalitazama kwa muda, akaniuliza, "Wale wenye maambukizi mchanganyiko umewapeleka wapi?"

"Dokta, programu imechagua herufi moja kwa kila sampuli."

"Sampuli ni tone la damu. Mtu wa Muleba anaweza kung'atwa na mbu wawili wiki moja, akabeba vimelea vya aina tatu kwenye tone hilo hilo. Ukilazimisha jibu moja, unafuta wale wachache. Na sugu huanza wakiwa wachache."

Tuliketi watatu siku ya Alhamisi. Ilichukua saa nzima kabla hatujagundua kwamba hatubishani juu ya programu. Kwa msimamizi mmoja sampuli ni safu moja ya jedwali, yenye jibu moja. Kwa mwingine ni kundi la viumbe hai. Wote wawili walikuwa wakitumia neno lile lile tangu mwaka jana.

Tulichokubaliana: naacha mpangilio wa nakala moja kwa ajili ya jibu kuu, lakini kwa kila nafasi muhimu natunza idadi ya visomo vya kila herufi. Sampuli yenye kina cha chini ya visomo 20 haitolewi jibu. Herufi ndogo ikifika asilimia 10 na isipungue visomo 5, sampuli inaandikwa mchanganyiko na asilimia inaonyeshwa. Viwango hivi tumechagua sisi kwa data yetu. Ukivichukua, vipime kwanza kwa sampuli zako.

Siku hiyo nilianza pia daftari la maneno. Ukurasa una safu tatu: neno, anavyolielewa mtu wa baiolojia, anavyolielewa mtu wa kompyuta. Lina maneno 31 sasa. "Kina" limo, "kosa" limo, "modeli" imo. Kila kikao tunakifungua nalo. Katika yote niliyotengeneza kwenye mradi huu, ndicho kitu ambacho ningemwomba mwingine akinakili kama kilivyo.

11 Novemba 2024: Majina yaliyogeuka tarehe

Tumeanza sampuli 46 za mradi, ambazo zina kibali cha maadili tayari. Lebo zake ziliandikwa nyanjani kwa mtindo ninaoujua: 3-7 ni nyumba ya 3, mtu wa 7. Orodha ilipitia mikono kadhaa kabla ya kunifikia, na mahali fulani mtu aliifungua kwenye Excel akaihifadhi. Lebo 19 zilikuwa tarehe. 3-7 ilikuwa 3-Jul, 14-2 ilikuwa 14-Feb, ila 31-40 ilibaki salama kwa sababu haiwezi kuwa tarehe. Nilijaribu kuirudisha safu kuwa maandishi, 3-Jul ikageuka 45476, ambayo ni hesabu ya siku ya kalenda ya Excel.

Hatari yake ni kwamba mtiririko haukulalamika. Uliunganisha lebo zilizobaki, ukaziacha 19 nje kimya kimya, ukatoa ripoti nzuri ya watu 27. Niligundua kwa sababu nina desturi ya maabara ya kuhesabu mirija inayoingia na majibu yanayotoka. Tatizo lenyewe ni kongwe: mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kama SEPT1 na MARCH1 kwa sababu Excel ilikuwa ikiyafanya tarehe.

Sikukisia hata lebo moja. Nilisafiri kwa basi hadi zilipo rejesta za karatasi, nikasoma moja moja nikiwa na mtu wa pili anayehakiki. Siku tatu. Lebo sasa zimeandikwa N003M07, huanza na herufi, na mtiririko unasimama ikiwa idadi ya walioingia hailingani na ya waliotoka.

20 Januari 2025: Ulinganisho na gharama

Katika sampuli 24 za majaribio, 23 majibu yangu ya K13 yanalingana na yale yaliyochapishwa. Moja niliyoikosa ina kina cha visomo 17 pale, chini ya kiwango chetu, kwa hiyo mtiririko ulikataa kuitolea jibu. Nimeiacha hivyo. Za mradi, zile 46, sitaziandika hapa kabla hazijachapishwa.

Gharama nje ya ada, usafiri na chakula: bando 84,000, RAM 70,000, diski ya nje ya terabaiti moja, 170,000. Nimetenga 120,000 za kuchapa na kujalidi tasnifu. Jumla shilingi 444,000. Kwa ninavyojua leo, 154,000 za bando na RAM zisingehitajika. Programu zote ni za bure.

30 Mei 2025: Utetezi

Nimetetea tasnifu nikapita kwa masahihisho madogo. Mtahini wa takwimu alitaka nieleze kwa nini asilimia 10 na si 5, na nilikuwa na majaribio ya zote mbili kwenye kiambatisho. Mtahini wa baiolojia alinitaka niandike wazi kwamba kuwa na R561H hakumaanishi dawa mseto imeshindwa, kwa kuwa dawa ya pili iliyomo bado inaua vimelea vinavyobaki. Ana haki. Niliifuta sentensi yangu nikaweka yake.

Juzi mteknolojia mmoja aliyewahi kuwa mwenzangu kazini alikuja na kompyuta yake, hajawahi kutumia Linux. Nilimpa kurasa nne za maelekezo na daftari la maneno, nikaenda kukaa chumba cha pili. Baada ya dakika 40 alinipigia kelele kwamba programu imekataa kuendelea. Nikaenda kuangalia. Alikuwa amepakua jenomu rejea nusu, na hatua ya sifuri ilikuwa imemwandikia: nafasi ya 561 haikupatikana, pakua upya. Akapakua upya. Ikaandika CGT, ikaandika TGT, ikaanza sampuli ya kwanza.